Kukimbia kwenye mvua za masika: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kila mwaka ni yaleyale. Januari barabara zinajaa watu alfajiri, vikundi vya jogingi vinaimba, raba mpya zinang'aa. Mvua za masika zikianza Machi, wengi wanarudi kitandani. Wachache wanajikaza na kutoka, na baada ya wiki mbili mmoja ameteguka kifundo cha mguu, mwingine ana michubuko ya mapaja inayomfanya atembee kama bata, wa tatu raba zake zinanuka kiasi kwamba zimefukuzwa ndani ya nyumba. Wanaacha hadi Juni, kisha wanaanza upya kabisa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, anayeishi Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, na anayeweza kutembea dakika 30 mfululizo bila kuhema sana. Walio Arusha, Mbeya, Iringa au Nairobi wataufuata pia, isipokuwa kwenye mavazi na baridi, na hapo wametajiwa cha kubadili.

Jambo moja liwekwe wazi tangu mwanzo. Maji yanayokuangukia kichwani hayana neno. Yanayoumiza watu ni maji yaliyokwisha kufika chini, radi, na ile nusu saa baada ya kumaliza kukimbia. Karibu kila hatua hapa inahusu mojawapo ya hayo matatu.

## Nani asitoke

Mwenye homa asitoke. Mwenye kidonda kibichi mguuni, hata malengelenge yaliyopasuka, asubiri kipone. Sababu utaiona mbele. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi asikimbie na raba zilizolowa, maana ngozi ikichubuka hatasikia. Mwenye pumu atoke na dawa yake ya kuvuta mfukoni, ikiwa ndani ya kifuko kisichopitisha maji.

## Vitu vya kuandaa

Vya kuvaa na kubeba:

- Raba za kukimbilia zenye kitambaa cha matundu juu, yaani kile cha wavu.
- Soksi za nailoni au poliesta, jozi mbili: moja ya kuvaa, moja ikusubiri nyumbani.
- Jezi ya poliesta. Jezi ya kawaida ya mpira inatosha.
- Bukta nyepesi, au taiti inayofika juu kidogo ya goti kama mapaja yako yanagusana. Wanawake waongeze sidiria ya michezo inayobana vizuri.
- Kapelo.
- Kizibao cha riflekta kama cha bodaboda.
- Mafuta ya mgando, kopo dogo.
- Kifuko cha simu kisichopitisha maji, na ndani yake noti ya nauli ya bajaji.

Vya kuacha mlangoni kabla hujatoka: taulo mbili, nguo kavu, kandambili, ndoo ya maji safi na sabuni, maji ya kunywa nusu lita, na magazeti ya zamani kurasa kumi na mbili hivi.

Fulana ya pamba iache kabatini. Pamba inanywa maji, inakuwa nzito, inagandamana na ngozi na kuikwangua kwa kila hatua. Hilo linahusu pia mtandio wa pamba: anayejisitiri kichwa atumie kitambaa chepesi cha poliesta kilichobanwa shingoni, maana mtandio mzito ukilowa unavuta shingo na kuziba masikio, na masikio unayahitaji kusikia magari.

Halafu koti la mvua. Watu wa pwani hupenda kulivaa, na ni kosa. Lile la plastiki halipitishi hewa. Baada ya dakika tano umelowa jasho ndani na mwili unachemka kama chungu kilichofunikwa. Ukanda wa pwani una joto hata mvua inyeshe vipi, hivyo jezi peke yake inatosha. Walio nyanda za juu ndio wanaohitaji kikoti chepesi cha nailoni kinachopitisha hewa, juu ya jezi ya mikono mirefu, kwa sababu mvua yao huja na baridi na upepo wake hupenya.

## Hatua ya 1: Kagua raba siku moja kabla

Raba nyingi tunazokimbilia ni za mitumba, na mitumba ina ugonjwa wake: gundi ya zamani. Raba iliyokaa miaka mingi ghalani huonekana nzima, lakini gundi na sponji ya katikati vimechakaa. Ikilowa, soli inaachia katikati ya njia.

Ishike raba, ikunje kwenye vidole, kisha jaribu kutenganisha soli na kitambaa kwa kucha kuzunguka kote. Ukiona ufa, au unga unamomonyoka, mpelekee fundi viatu aishone kwa uzi kuzunguka soli. Gundi peke yake haitavumilia masika.

Kisha geuza soli. Sehemu ya chini ya kidole gumba na ya kisigino ndizo huisha kwanza. Mwaga kikombe cha maji kwenye sakafu ya vigae au ya saruji laini, simama huku umeshika mlango, sukuma mguu mbele na nyuma. Raba inayoteleza hapo itateleza barabarani. Itumie sokoni, siyo kwenye mvua.

Usihangaike kutafuta raba zisizopitisha maji. Mvua kubwa inaingilia juu, kwenye kifundo, na raba ya aina hiyo inayahifadhi maji kama ndoo. Ya wavu inayaingiza na kuyatoa kwa kila hatua.

## Hatua ya 2: Tembea njia yako ikiwa kavu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayovunja miguu mingi. Dimbwi la tope halionyeshi kina. Mfuniko wa chemba ulioibwa, mtaro usio na kingo na shimo la lami lenye kina cha sentimita 20 vyote vinaonekana vilevile vikijaa maji ya rangi ya chai.

Chagua mzunguko mfupi wa kama kilomita 1, ambao popote ulipo hauko mbali na nyumbani kwa zaidi ya dakika tano hadi saba za kutembea. Njia ya kwenda mbali na kurudi haifai: mvua ikigeuka kuwa radi ukiwa mwisho wa njia, huna pa kwenda. Mzunguko mfupi unachosha macho, ni kweli. Vumilia.

Utembee ukiwa mkavu, polepole, ukiangalia mambo haya:

- Chemba zote na mitaro yote. Hesabu na ukariri zilipo: "baada ya duka la dawa, kushoto, chemba mbili."
- Mahali penye bonde. Maji hutuama hapo, au hupita hapo.
- Nyaya za umeme zinazolegea, na miti mikubwa juu yake.
- Jengo imara la kukimbilia radi ikianza, angalau mawili kwenye mzunguko.

Ikatae njia yoyote inayovuka korongo, kijito, kalvati au daraja la chini. Kwa Dar es Salaam, bonde la Msimbazi na Jangwani halihitaji maelezo. Barabara ya Morogoro inayopita hapo imekuwa ikifungwa mara kwa mara maji yanapopanda. Ufukweni nako si pa kukimbilia kwenye mvua ya ngurumo, hata pawe pazuri namna gani, kwa kuwa unakuwa ndiwe mrefu kuliko vyote vilivyokuzunguka. Mitaa ya lami yenye mteremko mdogo ndiyo bora, kwa sababu maji hayakai.

Barabara ya udongo mwekundu au mfinyanzi iache kabisa mwezi wa kwanza. Mfinyanzi uliolowa hukamata raba, huongeza uzito kwa kila hatua, kisha huachia ghafla.

## Hatua ya 3: Soma utabiri jioni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, na hali ikiwa mbaya hutoa angalizo au tahadhari. Kukiwa na tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wako, kesho yake ni siku ya kupumzika. Usibishane nayo.

Ili upate picha: mvua ya milimita 50 maana yake ni lita 50 za maji kwenye kila mita moja ya mraba. Hizo ni ndoo mbili na nusu za lita 20, zimwagwe kila mahali kwenye mtaa wako, kisha zote zitafute njia moja ya kushukia.

Panga kutoka kukiwa kumepambazuka vizuri. Mwezi Aprili jua la Dar es Salaam huchomoza baada ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mawingu mazito huongeza giza. Saa moja kasorobo ni salama zaidi kuliko saa kumi na moja na nusu mliyoizoea wakati wa kiangazi.

## Hatua ya 4: Amua ukiwa mlangoni

Simama barazani dakika tano. Sikiliza na utazame.

Radi. Ukisikia ngurumo yoyote, hutoki. Anayetaka kujua radi iko umbali gani ahesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo, agawanye kwa tatu, apate kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10, na radi inaweza kupiga umbali huo ikitoka kwenye wingu lilelile. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 kamili. Ikinguruma tena dakika ya 25, hesabu inaanza upya. Walio Kanda ya Ziwa, Kampala, Kisumu na Bukavu wawe wakali zaidi kwenye hili, maana eneo lile ni miongoni mwa yenye radi nyingi duniani.

Upepo. Matawi makubwa yakiyumba na mabati yakipigapiga, baki ndani.

Macho. Tafuta kitu kilicho umbali wa mita 100, kama nguzo au geti. Usipokiona sawasawa, dereva naye hakuoni.

Maji ya mtaani. Yakiwa yanatembea kwa kasi juu ya lami kuelekea mtaroni, ngoja yapungue. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya urefu wa goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Vyote vinne vikiwa sawa, mvua yenyewe iwe kubwa kiasi gani, toka. Kukosa kimoja kunatosha kukurudisha ndani, na hapo ruka kamba au panda ngazi kwa dakika 15.

## Hatua ya 5: Paka, kisha vaa

Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mgando kinatosha mwili mzima. Paka ndani ya mapaja, kwapani, kwenye chuchu (wanaume hasa, jezi iliyolowa huzichubua hadi damu), chini ya mkanda wa sidiria, na katikati ya vidole vya miguu. Paka kabla ya kuvaa. Ukipaka juu ya ngozi iliyolowa mafuta hayashiki, yanateleza na maji.

Funga kamba za raba fundo mara mbili, kisha chomeka ncha ndani. Kamba za duara hufunguka zikilowa. Za bapa hushika vizuri zaidi, na bei yake ni ndogo.

Kapelo ina kazi moja: ukingo wake unazuia maji yasikupige machoni, nawe ukaona unakokanyaga. Wavaa miwani bila kapelo ni kama wamefumba macho.

Simu iweke kifukoni ukiwa bado mkavu, na iwe imekwisha kuwekwa namba ya mtu wa nyumbani kwenye kupiga kwa haraka. Vidole vilivyolowa havifanyi kazi kwenye kioo, hivyo usipange kutafuta jina ukiwa mvuani. Spika za masikioni ziache.

## Hatua ya 6: Pasha misuli moto ukiwa barazani

Dakika nane chini ya paa. Tembea palepale dakika mbili, inua magoti mara 20, zungusha vifundo vya miguu mara 10 kila upande, chuchumaa nusu mara 15, simama kwa mguu mmoja sekunde 20 kisha mwingine. Zoezi hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu kifundo ndicho kitakachofanya kazi kubwa kwenye utelezi.

Sababu ya kufanyia ndani: mvua ikikupiga ukiwa umesimama, misuli inapoa kabla haijapata moto. Umefaulu ukihisi joto mgongoni na jasho linaanza kutoka.

## Hatua ya 7: Dakika 22 za kwanza

Kosa kubwa la anayeanza ni kutoka mbio kana kwamba anaikimbia mvua. Utalowa chapachapa ndani ya dakika mbili, upende usipende, na ukishalowa huwezi kulowa zaidi. Haraka haina faida yoyote.

Tembea kwa kasi dakika 4. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara sita. Jumla ni dakika 22, na utakuwa umemaliza kilomita 2 na kidogo, yaani mizunguko miwili. Usitumie saa ya mkononi kupima kasi, tumia mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima ya maneno kumi bila kukata pumzi, kasi ni sahihi. Ukishindwa, punguza.

Utakuwa mzito kuliko siku kavu, kwa sababu raba na nguo zimebeba maji na hatua zako ni fupi. Ni kawaida.

## Hatua ya 8: Namna ya kukanyaga

Fupisha hatua. Mguu utue chini ya kiwiliwili, usiutupe mbele. Ukiutupa mbele ukatua kwa kisigino kwenye utelezi, unaondoka kama aliyekanyaga ganda la ndizi, na utaanguka kwa kiuno. Tua kwa unyayo wote kwa pamoja, magoti yakiwa yamelegea kidogo, mikono imepanuka kuliko kawaida kwa ajili ya mizani.

Tazama mita tatu hadi tano mbele. Anayeangalia vidole vyake haoni shimo. Anayeangalia mbali halioni pia.

Kuna sehemu zinazoteleza kuliko lami, na uzikwepe zote: mistari myeupe ya rangi barabarani, mifuniko ya chuma, vigae vya mbele ya maduka, majani yaliyoanguka, na saruji yenye ukoga wa kijani. Dakika za mwanzo za mvua baada ya siku kavu ni mbaya pia, kwa sababu mafuta ya magari na vumbi hupanda juu ya lami kabla hayajaoshwa. Kwenye vituo vya daladala na karibu na gereji mafuta hayo ni mengi. Ukiona rangi za upinde kwenye maji, tembea.

Kona zipunguzie mwendo kabla hujaifikia, uzunguke kwa upana. Usigeuke kwa mguu mmoja.

Na kanuni isiyo na msamaha: usikanyage usipopaona chini. Dimbwi likiwa limeziba njia nzima, na hukulikariri ulipopita ukiwa mkavu, geuka urudi ulikotoka. Kulipima kwa mguu ni kuutoa mguu dhamana.

## Hatua ya 9: Magari na bodaboda

Kimbia ukiyatazama magari yanayokuja. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, hivyo wewe kaa kulia. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume chake: magari kulia, wewe kushoto. Bodaboda, kama mjuavyo, hupita kokote, kwa hiyo geuza shingo kila unapokaribia makutano.

Gari kwenye lami iliyolowa linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Usivuke ukitegemea dereva atakanyaga breki, subiri lipite.

Ukiona dimbwi kando ya barabara na gari linakuja, simama kabla ya dimbwi, liache gari lirushe maji yake, ndipo upite. Anayekimbilia kulipita kabla ya gari huoga tope usoni, na tope hilo si la kuingia machoni wala mdomoni.

## Hatua ya 10: Lini kugeuza

Methali inasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye mvua ya radi iweke pembeni. Acha mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Ngurumo au mwanga wa radi. Ingia kwenye jengo imara, au ndani ya gari lenye paa la chuma ukifunga vioo. Kituo cha daladala, kibanda cha chipsi, bajaji na mwembe si mahali salama. Chini ya mti ndipo pabaya kuliko pote.
- Waya wa umeme uliokatika. Kaa mbali mita 10 au zaidi, na zaidi ya hapo kama kuna maji yaliyotuama, kwani maji hubeba umeme. Ukihisi miguu inakuchoma au kutetemeshwa, usipige hatua ndefu: unganisha miguu na uondoke kwa kuburuza nyayo polepole bila kuzitenganisha.
- Kutetemeka wakati bado unakimbia, au vidole kushindwa kukunja ngumi. Pwani ni nadra; nyanda za juu hutokea. Mwili unapoteza joto kuliko unavyotengeneza.
- Maumivu makali ya upande mmoja, goti au kifundo. Usiendelee ukichechemea, maana mguu wa pili ndio utakaoteleza.
- Maji ya mtaani yanapanda au yanaanza kutembea.

Ukianza kurudi, tembea haraka, usikimbie kwa hofu. Kama uko mbali na baridi inakuzidi, noti ya bajaji ni ya siku hiyo.

## Hatua ya 11: Dakika kumi za kwanza nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wanafika, wanasimama kibarazani na nguo zilizolowa, wanapiga picha, wanajibu ujumbe. Mwili uliokuwa tanuri sasa umezima, na nguo ya maji inanyonya joto lililobaki. Mafua huletwa na virusi, hayaletwi na mvua. Lakini kutetemeka nusu saa kunakunyima nguvu za siku nzima na kukaza misuli.

Fuata mpangilio huu. Vua raba na soksi mlangoni. Vua nguo zote, futa mwili kwa taulo ya kwanza, nywele zikiwemo. Osha miguu na mikono kwa maji safi na sabuni kabla ya kugusa uso, kisha oga. Jifute kwa taulo ya pili, na katikati ya vidole vya miguu pakauke kabisa, kwani unyevu unaobaki hapo ndio unaoleta fangasi. Vaa nguo kavu. Kunywa ile nusu lita ya maji, hata kama husikii kiu. Ulitoka jasho, ila mvua imelificha. Baada ya hapo chai ya tangawizi au uji wa moto.

Kagua nyayo, mapaja na kwapa mwangani. Pekundu panapowaka ukimwagia maji ndipo mafuta hayakutosha. Mchubuko uoshe kwa sabuni na uache wazi upate hewa. Jeraha lililopasuliwa na bati au msumari kwenye tope lipeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya sindano ya pepopunda.

Simu: futa nje, usiichaji mpaka tundu la chaji liwe limekauka.

## Hatua ya 12: Raba

Usizianike juani wala karibu na jiko. Joto kali hukausha gundi, hukunja soli, na tumeshaona gundi inavyotuangusha.

Suuza tope kwa maji. Toa soli ya ndani, iweke kando. Legeza kamba, jaza kila raba kurasa mbili za gazeti zilizokunjwa, ziweke kivulini zikiwa zimelala ubavu mahali penye upepo. Baada ya saa moja gazeti litakuwa limelowa: badilisha. Badilisha tena kabla ya kulala. Kwa unyevu wa masika pwani zinaweza kuchukua siku mbili kukauka, hivyo usipange mvua mbili mfululizo kama una jozi moja. Ingiza vidole mpaka mbele kabisa. Pakiwa pabaridi, bado hazijakauka.

Zikinuka baada ya kukauka, nyunyiza kijiko kimoja cha magadi ya kuokea ndani ya kila raba, ilale usiku, kung'uta asubuhi.

## Wiki mbili hadi nne zinazofuata

Maji ya mafuriko mjini huchanganyika na vyoo, dampo na mikojo ya panya. Mwaka 2022 mkoani Lindi, wilayani Ruangwa, ulizuka ugonjwa uliowatisha watu hadi ukapimwa na kujulikana kuwa ni homa ya mgunda, ambayo vijidudu vyake hutoka kwenye mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, na huingilia kwenye ngozi iliyochubuka, machoni au mdomoni. Ndiyo maana mwenye kidonda ameambiwa abaki nyumbani, na ndiyo maana sabuni inatangulia chai.

Ukipata homa kali ya ghafla, kichwa kuuma na misuli ya mashavu ya miguu kuuma ndani ya mwezi mmoja baada ya kukanyaga maji machafu, nenda hospitali, pima malaria, na umwambie daktari kwa maneno kamili kwamba ulikimbia kwenye maji ya mvua. Asipojua hilo, kipimo cha malaria kikitoka safi anaweza kuishia hapo, na homa ya mgunda ina dawa zikiwahiwa.

## Mara ya pili na ya tatu

Umefaulu mara ya kwanza kama umerudi bila kuanguka, umeweza kuzungumza njia nzima, umevaa nguo kavu ndani ya dakika kumi, na kesho yake huna pekundu panapowaka. Umbali na kasi havimo kwenye hesabu.

Toka kwenye mvua mara moja, isizidi mara mbili kwa wiki, siku nyingine kimbia kukiwa kukavu. Ukishafaulu mara mbili kwa vigezo hivyo, geuza dakika: kimbia 2, tembea 2, mara tano. Baada ya mbili nyingine, kimbia 3, tembea 1, mara tano. Usiongeze muda na kasi kwa pamoja.

Na kila baada ya mvua ya usiku kucha, kabla ya kukimbia, utembee tena mzunguko wako. Mtaro uliokuwa umefunikwa jana huenda leo uko wazi, lami iliyokuwa nzima imekatika, na ile ramani ya chemba uliyoikariri mwezi uliopita imeshachakaa.